Onyesho la vyungu vya kusugua: niangalie nini, niulize nini?

mwanaudongo
Wakuu, Jumamosi kuna mfinyanzi atakayetoa mhadhara, kisha onyesho kwenye karakana yake. Anajenga kwa mkono, hapaki glezi (ule utando wa kioo), anasugua vyungu mpaka ving'ae na kuvichoma vyekundu na vyeusi, njia ile ya Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya. Mimi hufinyanga kwa gurudumu. Kwa saa mbili hizo, macho niyaweke wapi?

Kigae
Kwenye mhadhara kaa popote. Kwenye onyesho tafuta pa kuuona mkono ulio ndani ya chungu, maana huo ndio unaosukuma tumbo. Wa nje, wenye kipande cha kibuyu, unazuia na kulainisha. Angalia anaongeza kamba ngapi za udongo kabla ya kukipumzisha. Zikizidi udongo ukiwa laini, tumbo linashuka. Akichelewa, ukingo umekauka, kamba mpya haishiki, na ufa utatokea hapohapo kwenye maungio.

Muulize anasugua wakati gani. Udongo mbichi mno jiwe la kusugulia linaukokota. Mkavu mno, linaukwaruza. Na usiguse kilichokwisha kusuguliwa, mafuta ya vidole yanaacha alama!

bi_joko
Niongezee uji wa kupaka, yaani udongo mwepesi wa majimaji unaopakwa kabla ya kusugua, maana watu hupenda kuuliza "siri" badala ya vipimo. Wa kawaida: udongo mkavu kilo 1, maji lita 2, sodiamu silikati (dawa ya kutenganisha chembe za udongo) gramu 5. Koroga, uache siku nzima bila kuutikisa. Maji ya juu mwaga, tabaka la kati livute kwa mpira mwembamba, mashapo ya chini acha. Mililita 100 za uji huo ziwe na uzito wa gramu 115 hivi. Ukiwa mzito sana utabanduka. Paka chungu kikiwa kikavu kabisa, mara mbili tatu, kisha sugua kwa kitambaa laini.

Moto ukikaribia nyuzi 1000 mng'ao huanza kufifia. Cheusi ni chungu kilekile chekundu, kimechomwa tena kwenye moshi wa maranda, hewa imezibwa. Joko, yaani tanuri la kuchomea, likifunguliwa mapema, wekundu unarudi kwa mabaka. Muulize analifungua likiwa nyuzi ngapi.

mwanaudongo
Shukrani, Bi Joko. Na akionyesha vilivyopasuka, nitajuaje sababu?

Kigae
Kilichorushwa vipande vipande ni mvuke: kiliingia motoni na unyevu, au moto ulipandishwa haraka mwanzoni. Ufa mmoja mrefu wenye kingo kali ni wa kupoza haraka, hasa kwenye nyuzi 573, ambapo chembe za mchanga ndani ya udongo hubadili ukubwa ghafla.