Jibu: Kutoka Heathrow hadi Manda ni saa ngapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Dada yetu aliyeuliza umbali wa Nairobi na Lamu kwa ndege atahitaji hesabu mbili, kwani ya kilomita ni nyepesi na ya saa ndiyo inayotushinda wengi. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Manda, kisiwa jirani na Lamu ambako ndege za Lamu hutua, ni takriban kilomita 455, nayo ndege iendayo moja kwa moja huchukua kama saa moja na robo. Ikipitia Malindi, safari hurefuka kwa nusu saa au zaidi, ingawa Malindi na Manda zimeachana kwa kilomita 140 tu. Muda huliwa na kutua, kushusha watu na kupandisha wengine.

Atokaye Heathrow, London, huwa amekwisha kuruka kilomita 6,840 hivi, yaani saa nane na nusu, na ndege ya jioni humfikisha Nairobi alfajiri. Hapo tiketi ya pili isomwe kwa makini, kwa sababu baadhi ya ndege za Lamu huondoka Jomo Kenyatta na nyingine Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi. Viwanja hivyo havikutengana hata kilomita 15, lakini asubuhi ya siku ya kazi Barabara ya Mombasa haimwonei mtu huruma. Kwa maoni yangu, mwenye kubadilisha uwanja ajipe saa nne, kwani saa mbili ni kujitafutia presha. Mizigo nayo ipimwe mapema: ndege ndogo za Wilson mara nyingi huruhusu kilo 15, tena katika mifuko laini, na yale masanduku makubwa ya zawadi hulipiwa ziada au hubaki nyuma.

Mtu akitua Manda bado hajafika Lamu. Mizigo husukumwa kwa mkokoteni hadi gatini, kisha ni boti kwa dakika kumi au kumi na tano hadi mjini. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), maji yakikupwa, boti hukaa chini sana na ngazi za gati huwa na utelezi wa mwani, kwa hiyo mwenye kusafiri na wazee amwombe mtu wa nyumbani aje kuwapokea.

Wanaoendelea Pate, Siyu au Faza, kwenye kisiwa cha Pate, ndio hasa wanaopaswa kupanga ndege kwa kufuata maji. Njia ya kawaida ni Mkanda, ule mfereji wa mikoko kati ya Manda na bara, ambao maji yakitoka boti iliyojaa haipiti. Basi ama hungoja yajae, ama huzunguka kwa nje, na wakati wa kusi, yaani pepo za kusini, huko bahari huchafuka. Mpigie nahodha wako umuulize saa ya maji kujaa siku hiyo, ndipo uchague ndege ya asubuhi au ya alasiri.

Wassalaam.