Kaka ana vifuko vya tegu kwenye ubongo na sisi hatuli nguruwe, inakuwaje?

Binti_Arua: Salaam wapendwa. Kaka yangu hakuwahi kuwa na kifafa, mwezi uliopita akaanguka sokoni povu likamtoka, ikarudi tena, tukapiga siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, wakasema ni vifuko vya tegu wa nguruwe. Sisi Waislamu, majirani washaanza maneno eti anakula kwa siri, anaumia sana. Imewezekanaje? Na nikimnunulia albendazo, ile dawa ya minyoo, dukani?

Klinika_Lira: Pole sana dada. Wanamwonea bure kabisa. Anayekula nguruwe mbichimbichi anapata tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongo vinatokana na mayai, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha MTU mwenye tegu, huyo akitoka chooni hajanawa akakukatia nyanya na kabichi mbichi ya rolex, ile chapati ya mayai, ushameza, hata kama hujawahi kuonja nguruwe. Kifuko kinaweza kukaa miaka kimya, kikianza kufa ubongo unavimba kuzunguka pale ndo kifafa kinaanza.

Albendazo USIMPE mwenyewe tafadhali. Kile kidonge kimoja cha minyoo siyo dozi hii, hapa ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku 10 mpaka 14, na vifuko hai vikizidi viwili kawaida wanaongeza prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo. Steroidi, dawa ya kuzuia uvimbe, lazima itangulie maana vikifa kwa pamoja kichwa kinavimba, na macho yapimwe kwanza, kikiwepo kifuko ndani ya jicho dawa inaweza kumharibia kuona. Ripoti inasemaje, ni hai au vimeshakauka?

Binti_Arua: Asante sana. Viwili vyeupe kabisa, kimoja cheusi kina kidoti katikati.

Klinika_Lira: Hicho kidoti ni kichwa cha mnyoo, kwa hiyo hicho ndo cha kutibiwa. Vile vyeupe vimeshakuwa chokaa, dawa ya minyoo haivisaidii kitu.

Mzee_Koboko: Mke wangu vyake vyote vilikuwa vyeupe, anatumia kabamazepini ya kifafa tu na anaendelea vizuri. Binti yangu, asiache dawa ya kifafa akijiona amepona, na kwa sasa asiendeshe boda wala kuoga mtoni peke yake. Nyumba nzima mpime choo pia, mwenye tegu anaweza kuwa mnakula naye sahani moja na hajijui, yeye dawa yake rahisi.

Binti_Arua: Sawa mzee wangu, Jumatatu tunarudi na filamu, nitauliza habari ya macho kabla hajameza chochote.