Makocha wa kufunga masaa 16 acheni kutudanganya, na waacheni wagonjwa wa sukari

Wakuu leo naongea yote maana nimejaa mpaka hapa kooni.

Kuna hawa makocha wa kupunguza uzito wa kwenye magrupu ya WhatsApp, unalipa ada ya mwezi unaingizwa grupuni unaambiwa funga masaa 16, kula ndani ya masaa 8, kuanzia saa sita mchana mpaka saa mbili usiku, na ndani ya hayo masaa kula CHOCHOTE mwili wenyewe utachoma mafuta. Voisi yake ninayo, wali wa nazi kula, chapati kula, soda kunywa, ila usivuke saa mbili. Nimefuata miezi na miezi, asubuhi maji na chai ya rangi bila sukari, kazini wenzangu wanapiga supu na chapati mimi nameza mate, mzani uko pale pale. Nikiuliza naambiwa sina nidhamu, naibia, niongeze yafike masaa 18 halafu ninunue na ile poda yake ya kusafisha tumbo. Watu wazima tunaitwa waongo mbele ya watu kwa kuuliza tu!

Jamani sisi huku pwani kufunga tumekuta. Ramadhani hapa Dar mtu anakaa zaidi ya masaa 13 bila hata tone la maji, mwezi mzima, na Idi ikifika watu kibao nguo hazifungi, kwa sababu futari ni magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati, sambusa, halafu daku nalo lipo. Kama masaa peke yake ndo yanakondesha si tungekuwa tumekonda mtaa mzima? Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120, ukikinywa saa saba mchana au saa nne usiku ni zile zile.

Na hili limeshapimwa, sio mimi naropoka. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Francisco walitoa majibu ya watu 116, wengine waliambiwa wale saa sita mchana mpaka saa mbili usiku tu, yaani masaa yale yale ya kocha, bila kupunguza chakula, wengine wakala kawaida mara tatu kwa siku. Baada ya wiki 12 waliofunga walipungua kama kilo moja hivi, na tofauti yao na wenzao haikuwa ya maana. Mwaka 2022 China wakawapima watu 139 wanene mwaka mzima, wote walipunguziwa kalori, nusu wakaongezewa na sharti la masaa. Wote walipungua kilo nyingi tu, lakini lile sharti la masaa halikuongeza kitu cha maana. Kwahiyo kama kufunga kunakusaidia ule kidogo, funga ndugu yangu, kuna watu kumewasaidia kabisa na siwabishii, ila mtu asichukue hela yangu akaniambia chakula hakihesabiki.

Zile picha za "wiki ya kwanza kilo tatu" nazo, sehemu kubwa pale ni maji, akiba ya sukari ya kwenye ini na misuli ikiisha inatoka na maji yake, ukila vizuri siku mbili yanarudi. Kocha anapiga picha kabla hayajarudi. Halafu anatuletea habari kwamba eti ukifunga seli za mwili zinajisafisha zenyewe na hilo lilipata tuzo ya Nobel ya 2016, yule profesa wa Japani Yoshinori Ohsumi kazi iliyompa tuzo aliifanya kwenye hamira jamani, HAMIRA, hakupima kitambi cha mtu.

Lakini hela ningesamehe. Kilichonileta hapa ni shangazi yangu. Ana sukari, anatumia vidonge, vile ambavyo ukimeza usile sukari inashuka. Alimwambia kocha wazi kabisa anatumia dawa, akajibiwa aendelee kufunga mwili utazoea. Tukamkuta jikoni anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki, jirani ndo akakimbilia kumpa maji ya sukari. Nimeandika grupuni kocha ananijibu "sumu inatoka", baadae akafuta akanitoa! Msikitini kwetu kila mwaka kabla ya Ramadhani wagonjwa wa sukari wanakumbushwa waende kliniki wakapangiwe dawa upya au waambiwe wasifunge kabisa, na hiyo ni ibada, sembuse kitambi.

Kwahiyo mlio kwenye magrupu hayo na mnatumia dawa za sukari, wajawazito, wenye vidonda vya tumbo, msifunge hata siku moja zaidi kabla hamjamuona daktari. Na wewe kocha najua unapita humu, ile meseji uliyofuta skrinishoti yake ninayo, nataka umuombe radhi shangazi yangu kwenye grupu lile lile, mbele ya wote uliowaambia sumu inatoka.