Plagini ya brauza "ya hiari" kwenye Debian: apt inaiingiza bila hodi, ukiifuta haitoki

Wakuu, hivi hii hiari ya apt (kisakinishi cha programu cha Debian) ni hiari ya nani?

Chukua Debian 11. Umeomba gnome-shell tu, sehemu kuu ya dawati la GNOME. Ndani ya Recommends zake (pakeji zinazopendekezwa, si za lazima) kuna chrome-gnome-shell, kiunganishi cha kuwekea ekstensheni za GNOME kupitia brauza. Wengi hawana kazi nacho. Ila mpangilio wa kuziingiza zote, APT::Install-Recommends, uko true tangu mwanzo, kwa hiyo ukibonyeza Y kinaingia kimyakimya pamoja na wenzake.

Siku ukifungua menyu ya Chromium unaambiwa brauza inasimamiwa na shirika lako. Shirika gani, kompyuta ya nyumbani? Mtu anadhani kadukuliwa, anafomati diski bure. Kumbe ni faili hili la sera lililokuja na kiunganishi hicho:

/etc/chromium/policies/managed/chrome-gnome-shell.json

La Chrome liko /etc/opt/chrome/policies/managed/. Brauza ikikuta sera yoyote humo inajihesabu ina bosi. Hakikisha kwa chrome://policy.

Sasa kinachoudhi kuliko vyote: unapiga apt remove, unawasha brauza upya, ujumbe uko palepale! Faili za pakeji zilizo chini ya /etc, dpkg (chombo kinachofanya kazi chini ya apt) inazihesabu za usanidi, na remove haizigusi. Programu imeshatoka /usr/bin, sera yake bado inatawala. Dawa ni apt purge chrome-gnome-shell, inayofuta hadi usanidi. Kama ulishairemove, dpkg -l | grep '^rc' itakuonyesha mabaki, na purge inayafuta hata sasa.

Msiniletee "tumia --no-install-recommends". Hiyo inafyeka zote. gdm3, yaani skrini ya kuingilia, nayo iko Recommends ya gnome-shell, utawasha mashine ukutane na skrini nyeusi ya maandishi. Ya kukataa moja tu, bandika alama ya kutoa mwisho wa jina:

apt install gnome-shell chrome-gnome-shell-

Mbona hili halitajwi pale inapouliza Y/n? pacman, kisakinishi cha Arch Linux, walau inakuorodheshea za hiari na kazi ya kila moja, kisha inakuachia mwenyewe.

autoremove, amri ya kufuta pakeji zisizohitajika tena, nayo msiitegemee. Haing'oi pakeji inayopendekezwa na nyingine iliyopo, hata ikiwa ni kwa Suggests tu, yaani kitu ambacho apt yenyewe isingekisakinisha! Zima ujinga huo kwa mstari huu kwenye faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/:

APT::AutoRemove::SuggestsImportant "false";

Na ukipandisha toleo, Recommends yenye jina jipya apt inaiona ngeni, haijali kwamba uliikataa kwa jina la zamani. Debian 12 hii kitu inaitwa gnome-browser-connector. Fungieni majina yote mawili, faili liwe ndani ya /etc/apt/preferences.d/:

Package: chrome-gnome-shell gnome-browser-connector
Pin: release *
Pin-Priority: -1