Tupeane uzoefu: kazi za nje ya chuo kikuu, unaziweka kwenye CV ya kitaaluma au unaziacha?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimemaliza shahada ya uzamili ya historia na sasa naomba kazi ya uhadhiri msaidizi. Kabla ya kurudi kusoma nilikaa miaka minne natembeza wageni Mji Mkongwe, kwa leseni, si upapasi wa kuvizia wageni mitaani. Rafiki aliyenipitia CV yangu aliifuta miaka yote minne. "Wanataka machapisho, hawataki habari za Forodhani." Nikamsikiliza. Kufika kwenye usaili, swali la kwanza: "Baina ya shahada ya kwanza na ya pili ulikuwa wapi?" Nikababaika, maana jibu nilikuwa nalo na nimelifuta kwa mkono wangu. Aliyepita njia hii atueleze alifanyaje.

Mwana wa Paje
Kaka, irudishe hiyo miaka. Mie nimelelewa na mwani. Kilimo hiki kilipoanza kwetu 1989 mama alikuwamo, na nilipopata akili nikawa nashuka naye pwani kila bamvu, maji yanapokupwa sana, tunapiga mambo (vigingi), tunafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo daftari lilikuwa langu: kamba ngapi, tarehe ya kupanda, kilo za kuvuna. Ile aina tunayoiita mwani mnene ilipoanza kutushinda kwa joto la maji, niliandika pia kamba zipi zimegeuka nyeupe na mwezi gani.

Nilipoomba uzamili wa sayansi za bahari niliandika chini kabisa, "kusaidia familia katika kilimo". Mwalimu aliyenisimamia shahada ya kwanza akanirudishia karatasi. Akaniambia, "Kusaidia kufanya nini? Andika ulichokifanya." Nikaandika mistari miwili: miaka sita ya kupanda na kuvuna mwani, na kumbukumbu za kila bamvu. Kwenye mahojiano walitaka kuliona daftari lenyewe. Nilikuwa nalo mkobani, kurasa zimekakamaa kwa chumvi na wino umetanda pembeni. Tulizungumza juu ya zile kamba nyeupe karibu nusu saa. Mama nilimhadithia usiku ule, akalia.

Mpemba wa Wete
Dada wa Paje kasema kweli, lakini na mimi niseme la upande wa pili, kwa sababu niliumia. Mimi niliweka kila kitu: karani wa karafuu, kuuza vocha, bodaboda, hata kusimamia maharusi. Kurasa saba. Mzee mmoja msomi aliyenipitia akaniambia, "Mwanangu, andiko lako nimelikuta ukurasa wa tano, na wengine hawatafika huko." Nikafuta yote nikaacha karafuu peke yake, kwa sababu nasomea uchumi na pale ndipo swali langu la utafiti lilipotoka. Shambani kwetu mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, karafuu ikiwa mbichi. Mwenye shamba huuza kwa kilo, ikishakauka jamvini na makonyo, vile vijiti vyake, yametengwa. Baina ya pishi na kilo kuna anayepata na anayekosa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika hesabu zote mbili kwa misimu mitatu. Hilo niliweka. Bodaboda sikuona inamwambia nini msomaji wa maombi ya uchumi wa kilimo.

Ustadhati
Nyie mnaosomesha chuoni, yaani madrasa, muwe waangalifu na neno. Mie niliandika "mwalimu wa chuo, miaka mitano", na aliyesoma nje ya Zanzibar akafahamu chuo kikuu. Nilionekana kama nimedanganya. Sasa naandika "chuo cha Kurani, watoto arubaini, umri wa miaka 5 hadi 12", na naliweka sehemu ya ufundishaji, kwa sababu kufundisha ni kufundisha.

Niko Chake
Mnaoomba ufadhili wa Chevening wa Uingereza, huko kazi ni sharti. Wanataka saa 2,800, sawa na miaka miwili, na hata za kujitolea na za muda zinahesabiwa. Tafuteni barua za waajiri mapema. Mimi mwajiri wangu wa zamani alishafunga duka, nilihangaika mno.

Mkaazi wa Mbweni
Nimewahi kukaa kwenye jopo la kuchuja maombi. Kwanza natafuta elimu, utafiti, machapisho na ufundishaji. Kazi nyengine ziwe na sehemu yake peke yake baada ya hapo, kwa ufupi, zenye miaka kamili. Sijawahi kumuacha mtu kwa sababu alifanya kazi hotelini. Pengo la miaka minne lisiloelezwa ndilo linalonifanya niweke karatasi pembeni. Na wewe mwanahistoria, sema ulikuwa ukiwaeleza wageni nini, na kwa lugha zipi.

Mwenye mada
Ahsanteni sana jamaa zangu. Nimekaa nayo usiku kucha. Chini ya ufundishaji nimefungua sehemu ya "Kazi nyengine" na kuandika: "Mwongoza watalii mwenye leseni, Mji Mkongwe, miaka minne. Kueleza historia ya Mkunazini, soko la watumwa na milango ya kuchonga, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano. Kukusanya masimulizi ya wazee wa mitaa kumi na moja." Hayo masimulizi ninayo kwenye simu mpaka leo. Naipeleka Jumatatu.