Asilimia 24 siyo wizi! Wasimamizi, fungueni ripoti msome

Wakuu, leo nina hasira. Tasnifu yangu imerudishwa na sentensi moja tu: "Ufanano asilimia 24, punguza ndipo uje." Hakuna ukurasa uliotajwa, hakuna aya iliyozungushiwa wino.

Nikafungua mwenyewe ripoti ya Turnitin, ile programu ya kukagua wizi wa maandishi, inayopaka rangi maneno yanayofanana na ya kwingine. Orodha ya marejeleo imepakwa rangi mwanzo hadi mwisho. Jamani, kitabu ni kilekile na mwandishi ni yuleyule, mlitaka nikibatize jina jipya? Nukuu zangu, zenye alama za nukuu na namba ya ukurasa, nazo zina rangi. Hata lile tamko la kwamba kazi hii ni yangu, ambalo idara imetupa tulinakili neno kwa neno, rangi! Na kwenye mipangilio kuna mahali pa kuondoa marejeleo na nukuu kwenye hesabu. Ni kubofya tu. Hakuna aliyejisumbua.

Hiyo programu haijui wizi ni nini. Inalinganisha mfuatano wa maneno na yaliyomo kwenye hifadhi yake, basi. Turnitin wenyewe wanasema asilimia si hukumu, lazima mtu asome ndipo aamue. Unaweza kuwa na 30 ukawa msafi, na mwingine ana 4 lakini kaiba hoja nzima ya mtu, kabadili maneno, chanzo hakutaja. Huyo anapita, tena anapongezwa.

Sasa ukiambiwa "punguza" bila kuonyeshwa kosa, utapunguza nini? Watu wanachukua aya iliyonukuliwa vizuri, wanafuta alama za nukuu, wanaipitisha kwenye programu za kupindua maneno, rangi inapotea. Yaani tunasukumwa kuiba ili tusionekane wezi. Mwaka 2021 mtafiti Guillaume Cabanac na wenzake walianika makala za kisayansi, zimechapishwa kabisa, ambamo "saratani ya matiti" imegeuka kitu kama "hatari ya kifua". Ndiko tunakopelekwa.

Sisemi tusikaguliwe. Anayekopi na kupesti abanwe, tena barabara. Lakini kukagua ni kusoma: hoja hii ni ya nani, ametajwa, na je, chanzo hicho kinasema hivyo kweli? Hilo la mwisho asilimia haitakuambia kamwe. (Nina marejeleo mawili ambayo ningefurahi sana msimamizi ayafungue, maana yanampinga yeye. Hajayagusa.)

Ya APA, ule mtindo wa kuandika marejeleo, sitaki hata kuanza. Mwongozo wetu unasema toleo la 7, lile la 2019 lililoondoa mji wa mchapishaji. Msimamizi ananidai mji.

Aliyewahi kuonyeshwa kikomo cha asilimia kwenye kanuni zilizoandikwa, siyo za mdomo, aniwekee hapa kifungu na ukurasa. Kesho naingia idarani, na ripoti nimeichapa kwa rangi.