Naomba ushauri: nimetuma USDT kwa mtandao usiofaa
Ndugu wanachama, mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Jumanne nilituma USDT 140 (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola ya Marekani) kwenye akaunti yangu ya soko moja la sarafu za kidijitali kupitia mtandao wa BNB, ilhali anwani niliyopewa ilikuwa ya mtandao mwingine, Ethereum. Na kwa kuwa anwani za mitandao hiyo miwili hufanana, zote zikianza na 0x, pesa zilifika lakini akaunti yangu haionyeshi kitu. Najua muamala haurudi nyuma, na ufunguo wa siri wa anwani hiyo, unaoruhusu kuhamisha pesa zake, wanao wenye soko, si mimi. Wameniambia watajaribu kuzirejesha kwa ada ya USDT 50, bila ahadi yoyote. (Tapeli mmoja tayari ameniomba maneno yangu ya siri, yaani yale yanayofungua pochi yangu ya kidijitali, ili “anisaidie”, nimemfungia.) Je, waliowahi kurejeshewa walilipa ada mapema, au ilikatwa kwenye pesa zenyewe?